Mbele ya Kutuambia Tuamini, Mutuonyeshe Kipimo

Ndugu na dada wa Kasuku, wa Mikelenge, na ninyi wa Alunguli ng'ambo ya mto. Wanafunzi, wamotari, mama wa soko, na ninyi wazee munaosomewa maneno haya na watoto wenu kwenye simu: safari hii hatuzungumzi juu ya barabara, wala ushuru, wala umeme. Tunazungumza juu ya damu yetu.

Kila chanjo ikifika huku kwetu, midomo miwili inafunguka. Wa kwanza ni mdomo wa wakubwa: "Chanjo ni nzuri, ni salama, nendeni muchanjwe." Wa pili ni mdomo wa simu, ile sauti isiyo na jina inayotembea usiku kutoka kundi moja la WhatsApp hadi lingine: "Bale bantu banataka kutumaliza, musikubali!" Tunaiona midomo hiyo ikigombana kila siku, lakini ukiisikiliza vizuri inafanana. Yote miwili inataka tuamini tu. Hakuna hata mmoja unaoweka namba mezani.

Sisi tunakataa yote miwili. Na tuseme wazi ili mtu asitugeuzie maneno: hatuko kinyume cha chanjo. Kati ya mwaka 2019 na mwanzo wa 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika nchi hii, wengi wao watoto, na surua ina chanjo tangu zamani. Mtu anayemwambia mama asichanje mtoto wake ni adui wa mtaa, hata kama anaongea vizuri. Lakini mkubwa anayetuambia "mukubali" na hataki kutuonyesha anachokijua, huyo ndiye anayemlisha yule wa WhatsApp. Uvumi unaota pale ambapo habari ya kweli haikupandwa.

Kazi ya chanjo inapimika. Kipimo kipo, kinajulikana, na dunia yote imekitumia kuhukumu chanjo za korona. Sisi tuko na haki ya kukielewa, na tuko na haki ya kupimwa nacho.

KOPO LA MCHELE

Nenda sokoni ununue mchele. Muuzaji ana kopo lake. Wewe unaangalia nini kwanza? Chini ya kopo. Kama limegongwa likaingia ndani, unajua umeibiwa hata mbele ya kufungua mfuko wako. Hakuna mama wa Kindu anayenunua mchele kwa kuambiwa "niamini tu, dada". Basi mbona kwa chanjo tunaambiwa tuamini tu?

Kopo la chanjo liko hivi. Ukichanjwa, au ukiugua ukapona, mwili unatengeneza kingamwili, ni kusema askari wa damu. Lakini askari hawako sawa wote. Kuna wale wanaomshika adui shati tu, na adui anaendelea kutembea. Na kuna wale wanaokaa mlangoni kabisa, wakazuia virusi visiingie ndani ya chembe ya mwili. Hao wa pili ndio wanaotafutwa kwanza wakati wataalamu wanataka kujua chanjo ya korona ina nguvu gani.

Namna ya kuwapima si uchawi. Labo inachukua damu kidogo, inatenga maji yake ya manjano, inayapasha kwa digrii 56 kwa dakika 30. Kisha inayapunguza nguvu hatua kwa hatua: mara 10, mara 20, mara 40, mara 80, na kuendelea, kama mtu anayeongeza maji ndani ya supu ili aone chumvi itapotea wapi. Kila hatua inachanganywa na virusi, halafu inamwagwa juu ya chembe hai zilizooteshwa ndani ya sahani. Mara nyingi ni chembe za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili wa Afrika. Baada ya siku chache wanahesabu matundu, mahali ambapo virusi vimekula chembe. Hatua ya mwisho ambayo bado inazuia nusu ya virusi, hiyo ndiyo namba yako. Mwenye 640, askari wake wa mlangoni wana nguvu kuliko wa mwenye 20. Ni hesabu ya masomo ya msingi.

Mwanzoni kila labo ilikuwa na kopo lake, na namba za hapa hazikulingana na namba za kule. Desemba 2020 OMS ikakubali kopo moja la dunia: damu iliyotoka kwa watu waliopona korona, ikakaushwa ndani ya vichupa, ikapewa yuniti za kimataifa, ili kila labo ilinganishe kazi yake na kitu kimoja. Mei 2021 wataalamu waliolinganisha chanjo saba na watu waliopona wakatoa hesabu yao: ili uwe na kinga ya nusu kwa nusu dhidi ya kuugua, unahitaji kingamwili za kuzuia kama moja ya tano ya zile za mtu aliyepona. Dhidi ya ugonjwa mkali zinatosha chache zaidi, kama asilimia 3. Na Aprili 2022 Uingereza iliruhusu chanjo ya Valneva kwa kulinganisha kingamwili zake na zile za AstraZeneca, bila kungoja maelfu ya watu waugue kwanza.

Kwa hiyo tusidanganyane. Wakubwa wa dunia hawakuchanja watu wao kwa imani tu. Walipima, wakalinganisha, wakaamua. Swali letu ni moja: ndani ya hesabu hizo, damu ya nani ilikuwemo?

TULISHAFANYA, KWA HIYO INAWEZEKANA

Kuna watu watasema mambo haya ni ya Ulaya, Kongo haiwezi. Hao hawajui historia ya nchi yao.

Mwaka 2016 homa ya manjano ilitoka Angola ikaingia kwetu. Chanjo haikutosha duniani kote. Mwezi wa nane, Kinshasa, watu zaidi ya milioni 7 wakapewa moja ya tano ya dozi ya kawaida. Moja ya tano! Fikiria maneno ambayo yangetoka hapo: "Banatupa makombo kwa sababu sisi maskini." Na maneno hayo yangekuwa na haki, kama hakuna mtu angepima. Lakini safari ile walipima. Watu 716 walitoa damu mbele ya sindano na wakaitoa tena siku 28 baadaye, wakatafutiwa kingamwili za kuzuia virusi. Kati yao, 493 hawakuwa na kinga walipofika. Baada ya sindano, 482 walikuwa nayo. Hiyo ni asilimia 98.

Hapo ndipo tunapotaka kila mtu asimame kidogo. Jambo ambalo lingekuwa aibu na hasira likawa elimu kwa dunia yote, kwa sababu tu lilipimwa kwa damu ya Wakongomani na matokeo yakaandikwa. Leo mtu akiuliza kama dozi ndogo inatosha wakati chanjo ni chache, jibu linatoka Kinshasa.

Mfano wa pili. Mwaka 1995 Ebola iliua Kikwit. Mtu mmoja aliyepona alitoa damu yake zaidi ya miaka kumi baadaye, na ndani ya damu hiyo wataalamu wakakuta kingamwili yenye nguvu ya kuzuia Ebola. Wakaitoa, wakaizalisha, wakaiita mAb114. Kati ya mwaka 2018 na 2019 ilijaribiwa huku mashariki: Beni, Butembo, Katwa, Mangina. Kwa wagonjwa waliopewa dawa ya zamani, ZMapp, karibu nusu walikufa. Kwa waliopewa ile ya Kikwit, 35 kati ya 100. Desemba 2020 Marekani ikaiidhinisha kwa jina la Ebanga. Damu ya Kikwit, vitanda vya Beni, jasho la waganga wetu, mkono wa Profesa Muyembe na INRB. Asitokee mtu wa kutuambia kwamba kingamwili ni habari ya wazungu.

KOSA LA KUOGOPA NA KOSA LA KUNYAMAZA

Sasa tuje kwa korona yenyewe, maana hapo ndipo tulipopotea.

Mwezi wa nne 2020, waganga wawili Wafaransa walikaa kwenye televisheni wakazungumza juu ya kujaribu chanjo ya kifua kikuu dhidi ya korona huku Afrika, mahali pasipo na barakoa wala dawa. Bara lote likawaka moto, na lilikuwa na haki ya kuwaka. Siku hizohizo Profesa Muyembe akasema Kongo iko tayari kushiriki majaribio ya chanjo. Mitandao ikalipuka: "Sisi si panya!" Ikabidi atoke tena aeleze kwamba hakuna chanjo itakayoletwa kwa Wakongomani bila kujaribiwa kwanza kwingine.

"Sisi si panya" ni neno la heshima. Tunalishika hata leo. Lakini liangalie upande wa pili. Panya ni yule anayepimwa bila kuulizwa na bila kuambiwa matokeo. Raia ni yule anayeulizwa, anayekubali au kukataa, na anayeambiwa. Tulipokataa kuwa panya, hatukudai kuwa raia. Tulikaa katikati: hatukupimwa, na hatukuambiwa. Mahali pa katikati hapo ni pabaya kuliko pote, maana chanjo ilikuja tu, kama kawaida, na hatukuwa na kopo letu la kuipimia.

Angalia nchi mbili zenye sindano moja.

Afrika Kusini ilipokea dozi milioni 1 za AstraZeneca tarehe 1 Februari 2021. Lakini tayari watu kama 2,000 wa nchi hiyo walikuwa ndani ya jaribio la chanjo hiyohiyo, na damu yao ilikuwa labo. Ikaonekana kwamba virusi vya aina iliyotembea kule wakati ule, ile iliyoitwa Beta, vinapita mbele ya kingamwili za waliochanjwa, na kwamba chanjo haikuzuia ugonjwa mwepesi na wa kadiri kama ilivyotegemewa. Tarehe 7 Februari, juma moja baada ya ndege kutua, serikali ikasimamisha. Kufikia tarehe 17 walikuwa wanachanja wauguzi kwa chanjo nyingine, ya Johnson & Johnson, ambayo nayo ilikuwa imejaribiwa hapohapo kwao. Unaweza kubishana na uamuzi wao. OMS yenyewe iliona chanjo ile bado inafaa, kwa sababu jaribio lile halikuweza kuonyesha kama inazuia ugonjwa mkali. Lakini waliamua kwa namba zao, kwa damu yao.

Sisi je? Tarehe 2 Machi 2021 dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilitua Kinshasa. Kampeni ilikuwa ianze katikati ya mwezi. Ikasimamishwa. Kwa namba gani za kwetu? Hakuna hata moja. Ulaya ilikuwa na wasiwasi wa damu kuganda, nasi tukaingia wasiwasi. Ulaya ikarudi kuchanja, nasi tukaanza tarehe 19 Aprili, lakini watu walikuwa wameshaogopa na tarehe ya kuharibika ilikuwa karibu. Dozi milioni 1.3 zikaondoka, zikapelekwa nchi nyingine kama Ghana na Madagascar. Milioni 1.3 kati ya 1.7! Nchi ya watu wengi namna hii ikarudisha sehemu kubwa ya chakula alichowekewa mezani, na haikuweza kusema kama kimeoza au kizuri. Ilikuwa inaangalia uso wa jirani: jirani akikunja uso, nayo inakunja, jirani akicheka, nayo inajaribu kucheka.

Hilo ndilo tunaloita utumwa wa kipimo. Nchi isiyojipima inaongozwa na hofu ya wengine.

Na wakati huohuo, ndani ya mitaa yetu wenyewe, virusi vilikuwa vinatembea bila kuhesabiwa. Utafiti uliofanywa Kinshasa mwishoni mwa mwaka 2020 ulikuta kingamwili za korona kwa karibu mtu 1 kati ya 6. Kwa kila mgonjwa mmoja aliyeandikwa, kulikuwa na karibu watu 300 waliopitiwa na virusi bila kuandikwa. Maana yake ni nini kwa chanjo? Mtu aliyeshapitiwa na korona akichanjwa mara moja, kingamwili zake zinapanda sana kuliko za yule ambaye hajawahi kuambukizwa. Kwa hiyo swali la "dozi ngapi zinatosha Kongo" halijibiwi kwa damu ya watu waliofungiwa nyumbani Ulaya. Linajibiwa kwa damu ya soko, ya baleinyeri ya mto, ya kanisa na ya msikiti wa Kindu.

Mwisho wa 2021 ilipokuja Omicron, nani aliiambia dunia kwanza kwamba inakwepa kingamwili za chanjo? Labo ya Durban, Afrika Kusini, mwanzoni mwa Desemba, siku chache tu baada ya virusi hivyo kutangazwa. Waafrika walipima, na London na Washington zikasikiliza. Tunaandika hili kwa sababu kuna vijana huku wanaoamini kwamba heshima ya Mwafrika ni kukataa sindano. Hapana. Heshima ni kuwa na labo ambayo dunia inangoja jibu lake.

"LAKINI..."

Tunayajua majibu yatakayotoka ofisini. Tuyajibu moja moja.

La kwanza: "Kingamwili si kila kitu." Ni kweli, na ni vizuri kulisema. Mwili una askari wengine, chembe zinazoua virusi vilivyokwisha kuingia ndani, na hao ndio sababu mtu mwenye kingamwili zilizoshuka anaweza kuambukizwa tena na asifike kitandani. Kingamwili zinashuka baada ya miezi. Virusi vinabadilisha sura. Namba moja haimalizi hadithi. Lakini mizani ya soko nayo haikuambii kama mchele ni mtamu, na bado hakuna anayeitupa. Anayetumia ukweli huo kama kisingizio cha kutopima kabisa anatuchezea akili.

La pili: "Ni ghali, inataka labo ya hali ya juu." Kupima kwa virusi vya korona vilivyo hai kunataka labo yenye ulinzi mkali, hilo ni kweli. Lakini njia nyingine zipo. Kuna virusi vya bandia, visivyoweza kumuambukiza mtu, vinavyovalishwa tu koti la korona na kuwekewa kitu cha kuwaka kama cha kimulimuli: mwanga ukizimika, kingamwili zimefanya kazi. Na tangu 2020 kuna kipimo kilichobuniwa Singapore kisichotumia virusi hai hata kidogo. Kinaangalia kama damu yako inazuia ufunguo wa virusi kuingia kwenye kitasa cha mwili, na jibu linatoka kwa saa chache. Kinahitaji friji, kifaa cha kusoma rangi, umeme usiozimika ovyo, na mtu aliyesoma. Mukituambia Kindu haiwezi kupata friji, kifaa kimoja na mtu aliyesoma, basi museme hivyo mbele ya watu, na mutuambie pia magari ya wakubwa yananunuliwaje.

La tatu: "Watu wa Maniema watakataa kutoa damu." Hapa tunakasirika. Nani aliwaambia? Huko Tunda, ndani ya jimbo letu hilihili, hospitali ilikuwa moja ya vituo viwili vya jaribio la dawa ya mpox, tecovirimat; kingine kilikuwa Kole, Sankuru. Jaribio lilianza Oktoba 2022, chini ya INRB na taasisi ya Marekani. Wagonjwa 597 walikubali kuingia. Agosti 2024 matokeo yakatangazwa kwa ukweli: dawa ile haikufupisha muda wa vidonda. Lakini wote walioingia, wenye dawa na wasio na dawa, walipata uangalizi mzuri wa hospitali, na vifo vyao vilikuwa asilimia 1.7, chini ya vile vinavyoonekana kwa kawaida nchini, 3.6 au zaidi. Dunia ikajua dawa ile haitoshi, na ikajua pia kwamba uangalizi wa heshima unaokoa watu. Elimu hiyo ilitoka kwa watu wa Tunda na Kole. Si kwamba watu wa Maniema wanakataa utafiti. Wanakataa kudharauliwa.

HII SI HABARI YA JANA

Kuna atakayesema korona imepita, tuache. Sawa, tuiache, tuangalie ya leo.

Mpox iko Kongo tangu mwaka 1970, na Maniema inaijua. Tarehe 5 Septemba 2024 chanjo za kwanza zilifika Kinshasa. Tarehe 5 Oktoba uchanjaji ukaanza Goma. Chanjo hiyo, MVA-BN, iliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa sababu gani? Kwa sababu ya kingamwili za kuzuia. Wanajeshi wa Marekani zaidi ya 400 waliokuwa Korea Kusini walichanjwa, nusu kwa chanjo hiyo na nusu kwa chanjo ya zamani ya ndui. Kingamwili zao zikalinganishwa, na zile za chanjo mpya hazikushindwa. Zilipimwa dhidi ya virusi vya chanjo ya ndui, ndugu wa mpox, si mpox yenyewe. Baadaye, mwaka 2022, ilionekana kweli kwamba inapunguza ugonjwa Ulaya na Marekani. Lakini aina ya mpox iliyotembea kule haikuwa aina ya kwetu.

Hatusemi haya ili mtu aikimbie. Kama inakufikia na uko kwenye hatari, ichukue. Tunasema: hadithi ni ileile, kipimo ni kilekile, na swali ni lilelile. Mwanajeshi kijana mwenye afya aliyekula vizuri Korea Kusini, na mtoto wa Kasuku mwenye malaria mara nne kwa mwaka, damu zao zinaitika sawasawa? Hilo halijibiwi kwa hotuba. Linajibiwa kwa kupima.

TUNADAI

Kwa Wizara ya Afya, kwa Divisheni ya Afya ya Maniema, kwa PEV, kwa INRB, kwa serikali ya jimbo na kwa Chuo Kikuu cha Kindu:

1. Kila chanjo mpya itakayoletwa Kindu ibandikwe karatasi moja kwenye ukuta wa kila kituo cha afya, kwa Kiswahili cha watu, si kwa Kifaransa cha ofisi. Iseme mambo matano: ilipimwa kwa nani, wapi, lini, dhidi ya virusi vya aina gani, na matokeo ni namba ngapi. Na madhara yanayojulikana yaandikwe hapohapo, bila kuficha.

2. Kampeni kubwa ikifanyika Maniema, watu wachache wanaokubali wapimwe damu mbele ya sindano, siku 28 baadaye, na tena baada ya mwaka, kama ilivyofanyika Kinshasa kwa homa ya manjano. Wawemo wa mjini na wa vijijini, wanawake na wanaume, waliokwisha kuugua na wasiowahi kuugua.

3. Hakuna tone la damu bila idhini. Mtu asomewe karatasi kwa lugha yake, awe na ruhusa ya kukataa bila kunyimwa matibabu, ajue damu yake inakwenda wapi, inakaa muda gani, na nani ataigusa. Kamati ya maadili iidhinishe mbele, si nyuma.

4. Matokeo yarudi. Si Kinshasa tu, si kwenye jarida la kulipia dola tu. Yarudi kwa aliyetoa damu, yarudi redioni, yarudi mtaani. Na kama damu ya Maniema imezaa dawa, watu wa Maniema waipate bila kupiga foleni nyuma ya dunia yote.

5. Labo ya Kindu ipewe uwezo wa vipimo vile visivyotumia virusi hai, pamoja na umeme wa uhakika, na vijana wa hapa wafundishwe kuviendesha. Tumechoka na chupa za damu zinazopanda ndege na kusahaulika huko.

NA SISI WENYEWE

Kudai bila kufanya ni kelele. Kwa hiyo sisi vijana tuko na kazi pia.

Musitume sauti isiyo na jina. Mtu akikutumia "chanjo inaua", muulize maswali matano yaleyale ya ukuta: nani, wapi, lini, virusi gani, namba ngapi? Akikosa jibu, mwambie kwa upole: "Yaya, kopo lako limegongwa." Na muuguzi akikuambia "usiulize, chukua tu", muulize yaleyale matano, kwa heshima ileile. Uliza mbele ya sindano, si nyuma yake. Kuuliza si kukataa.

Wakija kuomba damu kwa njia ya haki, kwa idhini na kwa ahadi iliyoandikwa ya kurudisha majibu, tusikimbie. Yule mtu wa Kikwit hakukimbia, na damu yake imesaidia kuokoa watu ambao hakuwajua. Wale 716 wa Kinshasa hawakukimbia. Wa Tunda hawakukimbia.

Hatutaki kuwa panya. Hatutaki pia kuwa watazamaji wa afya yetu wenyewe, tukingoja Ulaya ikunje uso ndipo nasi tuogope. Tunataka kuwa raia: tuulizwe, tupimwe, tuambiwe.

Kasuku inauliza. Tunangoja namba, si hotuba.